Ngazi ya Kushuka Polepole: Historia ya Methadoni na Swali la Lini Kuiacha



Juma hili tunaligusa jambo ambalo wazazi hutuletea mara kwa mara baada ya Misa, wakilisema kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. Mwana wao ameacha unga. Kila asubuhi anakwenda Hospitali ya Sekou Toure, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha anarudi nyumbani akiwa mtu mwenye akili timamu. Wanamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwaka wa kwanza ukipita, na wa pili ukiingia, swali linazaliwa: “Padre, ataimaliza lini dawa hiyo?”

Ndani ya swali hilo mna upendo, na mna aibu pia. Zipo familia zinazomshinikiza kijana aombe dozi ishushwe upesi kabla ya kutolewa mahari, au kabla ya kukabidhiwa mtaji wa biashara. Tumeona vema kulijibu kwa njia ya historia, kwa sababu haraka hii si ngeni duniani. Imekwisha kujaribiwa katika nchi nyingine, na gharama yake ililipwa kwa maisha ya watu.

Kutoka kasumba hadi heroini

Lugha yetu yenyewe inatunza kumbukumbu. Neno “kasumba”, ambalo leo tunalitumia kwa fikra potofu zilizomganda mtu kichwani, zamani lilimaanisha afyuni, ule utomvu mzito unaogemwa katika tunda la mpopi. Watu wa Pwani waliifahamu afyuni kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, alitenga ndani yake kiini chenye nguvu, nacho kikaitwa mofini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza dawa iliyotengenezwa kutokana na mofini, ikiitwa heroini, na kuisifu kuwa tiba ya kikohozi. Haikupita miaka mingi waganga wakatambua kwamba waliokunywa dawa ya kikohozi walikuwa wamefungwa minyororo.

Basi uraibu huu uliingia duniani kwa mlango wa duka la dawa, mikononi mwa watu waliokusudia kuponya. Tulikumbuke hilo kabla ya kumwita mtu “teja” na kumgeuzia kisogo.

Majibu mawili ya wazee

Mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza mataifa mawili makubwa yaliulizwa swali lile lile wanalouliza wazazi wetu: je, daktari anaruhusiwa kumpa mraibu dozi ya kila siku bila kuipunguza hadi iishe?

Marekani ilijibu kwanza. Mwaka 1919 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumwandikia mraibu mofini ili tu aendelee na hali yake hakuwezi kuitwa tiba. Zahanati za miji zilizokuwa zikiwahudumia watu hao zilifungwa moja baada ya nyingine katika miaka michache iliyofuata. Wagonjwa waliachwa na njia mbili: wateseke au wanunue kwa magendo.

Uingereza ilijibu mwaka 1926 kwa taarifa ya kamati ya madaktari iliyoongozwa na Sir Humphry Rolleston. Wazee hao walitofautisha makundi mawili. Kuna mtu anayeweza kushushwa dozi hatua kwa hatua mpaka akawa huru, na huyo ashushwe. Kuna na mwingine ambaye, akipewa dozi ndogo isiyobadilika, anafanya kazi na kulea watoto, lakini akiondolewa anaanguka kabisa. Huyo wa pili, walisema, daktari hatendi kosa akiendelea kumpa.

Miaka mia moja imepita, na bado tunajadiliana kuhusu makundi hayo mawili. Ugumu hasa ni huu: hakuna alama usoni inayotuonyesha nani yuko kundi lipi.

Dawa kutoka Ujerumani

Methadoni ilipatikana Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, kazi ya wakemia Max Bockmühl na Gustav Ehrhart waliokuwa Hoechst. Walitafuta dawa ya maumivu isiyohitaji afyuni kutoka ng'ambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili fomula yake ilichukuliwa na washindi, na Marekani ikaipeleka katika hospitali ya serikali ya Lexington, jimbo la Kentucky, iliyofunguliwa mwaka 1935 kwa ajili ya waraibu, nusu hospitali na nusu gereza.

Kule Lexington methadoni ilitumika kushushia tu. Mgonjwa alipewa kwa siku chache, dozi ikipunguzwa haraka, na mwili ukatoka katika arosto bila mateso makubwa. Kisha aliruhusiwa akiwa safi, akapanda treni kurudi mjini kwake. Wengi mno walirudia heroini. Ikaonekana wazi kwamba kuutakasa mwili ni jambo la siku kadhaa, bali kumponya mtu ni safari nyingine.

Ndipo katika miaka ya 1960 daktari Vincent Dole wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, akishirikiana na mtaalamu wa magonjwa ya akili Marie Nyswander, ambaye alikuwa amewahi kufanya kazi Lexington na kuyaona hayo kwa macho yake, alijaribu njia nyingine. Walipandisha dozi ya methadoni polepole mpaka tamaa ya heroini ikanyamaza, wakaiacha pale. Mwaka 1965 walitangaza habari za wagonjwa 22 wa kwanza. Watu ambao jana walikuwa hawazungumzi lolote ila unga walianza kuomba vitabu, kurudi shuleni na kutafuta kazi. Dole alilinganisha hali hiyo na kisukari: hatumwulizi mgonjwa wa kisukari atamaliza lini insulini ndipo tumheshimu.

Siri ya dawa hii imo katika mwendo wake. Heroini hupanda ghafla na kushuka ghafla, ikimlazimu mtu aitafute tena baada ya saa chache. Methadoni huingia taratibu na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndiyo maana mara moja kwa siku inatosha. Mtu aliyepata dozi yake sawasawa halewi. Anaamka, anakunywa, anakwenda kazini.

Ilivyofika kwetu

Heroini ilianza kuonekana Tanzania katika miaka ya 1980, ikipitia bandari na fukwe za Pwani. Kufikia miaka ya 2000 vijana wengi wa Dar es Salaam na Zanzibar walikuwa wameacha kuvuta na kuanza kujidunga, wakichangia sindano. Janga la pili likapanda juu ya la kwanza. Makadirio ya mwaka 2014 yalitaja watu wapatao 30,000 wanaojidunga nchini, na kwamba zaidi ya theluthi moja yao wanaishi na virusi vya UKIMWI.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa, miongoni mwa vituo vya kwanza vya umma barani Afrika kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na Mbeya, na mwaka 2018 huduma ikafika kwetu Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Ilikuwa ni kukiri hadharani kwamba unga haukubaki Pwani. Ulikuwa umepanda mabasi na malori pamoja na bidhaa nyingine, ukafika hata katika jiji letu la miamba.

Wako walioshangaa kuona mtu mzima akinyweshwa dawa mbele ya muuguzi kama mtoto. Lakini utaratibu huo sisi Watanzania tunaufahamu. Mpango wetu wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, ulikuwa miongoni mwa mipango iliyoifundisha dunia faida ya mgonjwa kumeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Wakati ule pia watu walikuwa wakiacha dawa mara tu kikohozi kinapopoa, wakidhani wamepona, kisha ugonjwa unarudi ukiwa mkali kuliko kwanza.

Hapa kandokando ya Ziwa, utaratibu wa kila siku una mzigo wake wa pekee. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi inapong'aa wavuvi hupumzika. Mvuvi anayetaka kwenda kambini Ukerewe au Kome kwa majuma mawili ya giza hawezi kwenda, kwa sababu kesho asubuhi anatakiwa awepo Mwanza mjini. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewapunguzia ndugu zetu wa Sengerema saa za kusubiri kivuko, lakini kisiwani bado ni safari ya maji. Ndiyo maana mara nyingine anayeomba dozi ishushwe haraka hasukumwi na kiburi wala ukaidi. Anasukumwa na njaa ya watoto wake. Anayetaka kumsaidia mtu wa namna hiyo amtafutie kwanza kazi ya nchi kavu, kabla ya kuzungumza habari ya miligramu.

Jinsi ngazi inavyoshukwa

Je, dozi haishuki kamwe? Hushuka. Wapo waliomaliza na wanaishi vizuri. Lakini kushuka kuna kanuni zake, na ni vema familia ikazifahamu.

Mgonjwa huanza kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30, ikapandishwa kwa uangalifu. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Hapo hukaa kwa miezi mingi, mara nyingi miaka, wakati maisha yanajengwa upya: usingizi, kazi, ndoa, marafiki wapya. Kushusha kunafikiriwa tu pale mgonjwa mwenyewe anapotaka, akiwa ameacha unga kwa muda mrefu, ana makao na ana watu wa kumshika mkono.

Tuchukue mfano wa mtu aliye kwenye miligramu 80. Akipunguziwa 5 kila baada ya majuma mawili, atafika 40 kwa majuma 16. Kutoka 40 hadi 20, akipunguziwa 2.5 kila mara, ni majuma mengine 16. Kutoka 20 hadi kumaliza, kwa miligramu 2 kila mara, ni majuma 20. Jumla ni majuma 52, yaani mwaka mzima, na hapo hakuna hatua hata moja iliyosimamishwa. Huu ni mfano tu. Mwenye kupanga ni daktari pamoja na mgonjwa wake.

Kwa nini ngazi za mwisho ni fupi zaidi? Kwa sababu mwili huhesabu sehemu iliyoondolewa. Ukiondoa 5 katika 80, umeondoa sehemu moja ya kumi na sita. Ukiondoa 5 katika 10, umeondoa nusu. Anayeshuka kwa mwendo ule ule hadi mwisho huanguka karibu kabisa na sakafu, pale ambapo ndugu zake wamekwisha kuanza kushangilia. Na mgonjwa akiona usingizi umepotea, mifupa inauma na mawazo ya kijiweni yamerudi, kusimama kwenye ngazi aliyopo, au hata kupanda moja, si kushindwa. Ni hekima.

Kuna mambo matatu zaidi ambayo familia nyingi hazijaambiwa. Kwanza, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kama efavirenzi, huifanya methadoni iishe upesi mwilini. Mgonjwa anayeanza dawa hizo huenda akapandishiwa dozi. Mama anaona namba imepanda, analia kwamba mwana amerudi nyuma, kumbe daktari anamlinda. Pili, mama mjamzito asishinikizwe kuacha. Arosto inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, mtu aliyeshuka amepoteza ule uzoefu wa mwili wa kuhimili unga. Akirudia kiasi kile alichokuwa akitumia zamani, anaweza kuacha kupumua na kufa. Majuma manne ya kwanza baada ya kuacha tiba ni ya hatari kubwa.

Walioshushwa kwa haraka na kwa nguvu

Mwaka 2003 madaktari wa Sweden walitangaza matokeo ya utafiti uliofanyika Stockholm. Waraibu 40 wa heroini waligawanywa makundi mawili ya watu 20. Wote walipata ushauri nasaha wa nguvu kwa mwaka mzima. Kundi la kwanza lilipewa buprenofini, dawa iliyo ndugu ya methadoni, mwaka wote. Kundi la pili lilipewa dawa hiyo hiyo ikishushwa kwa siku 6, kisha vidonge visivyo na dawa. Mwisho wa mwaka, robo tatu ya kundi la kwanza walikuwa bado katika tiba. Katika kundi la pili hakubaki hata mmoja, na wanne walikuwa wamefariki.

Mfano wa pili ni wa Crimea. Urusi ilipoitwaa rasi hiyo mwezi Machi 2014, sheria zake zinazokataza methadoni zilianza kutumika huko, na wagonjwa wapatao 800 wakaondolewa kwenye dawa katika muda wa majuma machache. Januari 2015 Michel Kazatchkine, mjumbe wa Umoja wa Mataifa kuhusu UKIMWI katika eneo hilo, alisema kwamba kati ya watu 80 na 100 walikuwa wamekwisha kufa. Wengi, alieleza, walikufa kwa kuzidisha dawa au kwa kujiua.

Tunayataja haya kwa sababu hata kwetu dawa hii inategemea mikono mingi. Mnamo Januari 2025 Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake kwa nchi za nje, huduma nyingi za UKIMWI barani Afrika zilitikisika. Kila mwenye mamlaka akumbuke kwamba kwa mgonjwa wa methadoni, ghala tupu ni amri ya kushushwa ngazi zote kwa siku moja.

Neno la imani

Wako wanaotuuliza: je, hayati Baba Mtakatifu Fransisko hakuonya? Kweli, mwezi Juni 2014, akizungumza mjini Roma na wakuu wa vyombo vya kupambana na dawa za kulevya, alisema kwamba dawa mbadala si tiba ya kutosha, bali ni namna ya kujificha ya kusalimu amri. Hatuwezi kuyaruka maneno hayo kwa sababu tu hayatupendezi. Sisi tunayapokea kama onyo linaloelekezwa kwa jamii. Jamii inasalimu amri pale inapomwachia mtu kikombe cha dawa dirishani na kumnyima kazi, rafiki na nafasi kanisani. Kikombe peke yake hakitoshi. Lakini mgonjwa asiadhibiwe kwa uvivu wetu kwa kunyang'anywa hata kikombe. Namna ya kupanga dozi ni kazi ya elimu ya tiba. Namna ya kumpokea mtu ni kazi yetu.

Msamaria mwema alimfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni, akamlipia, na akaahidi kulipa chochote kitakachozidi. Hakumwambia mwenye nyumba siku ya kumtoa. Upendo wake haukuwekewa tarehe ya mwisho.

Basi Kwaresima inapokaribia, tusimshauri mtu aache dozi kama mfungo. Dawa haivunji mfungo, na Mungu hadai sadaka ya namna hiyo. Tusimwapishe mgonjwa mbele ya altare kwamba ataimaliza kufikia Pasaka. Badala yake, Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zijiulize: ni nani kati yetu mwenye duka, gereji au mashine ya kusaga, anayeweza kumpa kazi mtu ambaye kila asubuhi lazima kwanza apite Sekou Toure?

Injili ya Marko, sura ya 8, inasimulia habari za kipofu wa Bethsaida, mji wa wavuvi kando ya ziwa kama wetu. Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji na kumgusa. Kipofu akaona, lakini kwa ukungu: watu walionekana kama miti inayotembea. Yesu hakumkemea kwa kuona nusu. Alimgusa mara ya pili, naye akaona sawasawa. Bwana aliyeweza kuponya kwa neno moja alikubali, kwa ajili ya mtu huyu, kuponya kwa hatua.

Mzazi mpendwa unayeuliza “lini?”, swali lako ni la haki, nawe liulize kwa daktari ukiwa umeketi pamoja na mwanao, yeye akiwa wa kwanza kusema. Na jibu likiwa “bado”, mshike mkono.

Tuwaombee waraibu wote wa kandokando ya Ziwa letu, wauguzi wanaowapokea kila alfajiri, na wale waliofariki kabla ya dawa hii kutufikia. Mungu awabariki nyote. Tukutane juma lijalo.